Mwongozo wa Kubeba Vipuri Vikubwa vya Magari ya Kale kwa Pikapu Ndogo Nairobi

Kila anayeanza kufufua gari la kale jijini Nairobi hufika siku moja penye swali hili: kipuri kimepatikana na pesa zimelipwa, sasa kitafikaje nyumbani? Muuzaji yuko Naivasha, Nanyuki au katika vichochoro vya Kariobangi Light Industries. Kipuri chenyewe ni injini ya Land Rover, ekseli ya Peugeot 504 au boneti ya Volkswagen, na gari lililopo ni pikapu ya jirani. Maswali yanayofuata hayabadiliki: kitatoshea? Kifungwe kwa kamba gani? Askari wa barabarani atauliza nini? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kupima hadi kushusha.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote: mzigo huzuiwa kwanza, ndipo hufungwa. Kuzuia ni kukipa kipuri kitu kigumu cha kuegemea mbele, nyuma na kando ili kisianze kusogea, ilhali kufunga ni kukikandamiza chini ili kisiruke. Wanaoanza hununua kamba nyingi, wakazizungusha pande zote, halafu wakashangaa kwamba injini imetembea nusu mita kabla ya kufika Limuru.

Pikapu ndogo inayokusudiwa hapa ni ile ya tani moja yenye kabini moja, kama Toyota Hilux au Nissan, ambayo sehemu yake ya mizigo huwa na urefu wa karibu mita 2.3. Pikapu yenye milango minne ina takriban mita 1.5 tu, na mengi yaliyoandikwa humu kuhusu vipuri virefu hayawezekani kwayo.

Vitu vya kuandaa

- Tepu ya kupimia, kalamu na simu yenye chaji ya kutosha kupiga picha.
- Mikanda ya racheti isiyopungua minne, yaani ile mikanda bapa yenye kikazio cha chuma, pamoja na miwili ya akiba.
- Mbao za inchi 4 kwa 2 zilizokatwa vipande virefu na vifupi, msumeno, nyundo na misumari.
- Tairi kuukuu mbili au tatu, magunia, na godoro la zamani ambalo hakuna atakayelidai.
- Vipande vya mpira wa maji au vya mkanda mnene wa kiwandani vya kukinga kona kali.
- Mbao mbili nene zenye urefu wa mita 3 za kutelezeshea, na mabomba ya chuma ya kuviringishia.
- Spana, beseni la kukingia oili, vitambaa, na mifuko midogo ya kutilia boliti na nati.
- Glavu za ngozi, viatu vigumu, turubai, kitambaa chekundu na zile pembetatu mbili za kuakisi mwanga.

Kamba ya mkonge na kamba ya plastiki ya rangi ya buluu hazimo katika orodha hii kwa makusudi. Zinafaa kushikilia turubai. Kwa chuma cha kilo 200 hazifai, kwa sababu hunyooka na fundo hulegea kila gari linapopita juu ya tuta.

Hatua kwa hatua

1. Pima kipuri, kisha pima pikapu, na usimwamini yeyote asemaye "kitaingia."

Mwombe muuzaji akupigie picha ya kipuri kikiwa na tepu juu yake. Upande wa pikapu, pima urefu wa sakafu, upana kati ya matao ya tairi na urefu kutoka ardhini hadi sakafuni. Upana kati ya matao ndio unaosahaulika zaidi, nao ndio unaoamua iwapo ekseli italala chini au itabaki ikining'inia juu ya matao.

Chukua mfano wa chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ya Land Rover fupi, ile ya inchi 88. Umbali kati ya ekseli zake peke yake ni mita 2.24, na chesi yenyewe inazidi mita 3, kwa hiyo itatokeza nyuma ya pikapu hata ukiipanga vizuri namna gani. Inabebeka, lakini kwa uangalifu. Ile ndefu ya inchi 109 ina mita 2.77 kati ya ekseli, na kwa maoni yangu hapo pikapu imefika mwisho wake. Chesi ndefu, bodi nzima ya gari, au injini ya lori la Bedford ikiwa bado imeshikana na giaboksi, vyote hivyo ni kazi ya Kenta, yaani lori dogo. Gharama ya kuikodi ni ndogo kuliko kununua kipuri kile kile mara ya pili.

Kuhusu uzito, injini ya Land Rover ya petroli ya lita 2.25 hukaribia kilo 200 bila giaboksi, na ya Volkswagen Beetle ni kama kilo 110. Angalia kiasi cha mzigo kilichoandikwa katika logbook ya pikapu, kisha utoe uzito wa watu utakaowabeba. Zitazame pia springi zenyewe: pikapu iliyobeba mchanga na mawe kwa miaka mingi haina tena nguvu inayotajwa katika karatasi.

2. Kamilisha karatasi kabla ya kugusa spana.

Pikapu iliyojaa chuma chenye kutu inafanana sana na pikapu ya vyuma chakavu, na biashara hiyo nchini Kenya inaongozwa na sheria maalumu ya mwaka 2015 inayowataka wafanyabiashara wake wawe na leseni. Mwanzoni mwa 2022 serikali iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme, na tangu hapo si ajabu askari kutaka kujua chuma kimetoka wapi. Kwa hiyo andikeni hati ya mauziano yenye majina, tarehe, bei na maelezo ya kipuri, iambatane na nakala ya kitambulisho cha muuzaji.

Injini na chesi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa namba zake zimo katika logbook ya gari zilikotoka. Safisha mahali namba ilipopigwa, ipige picha, na uilinganishe na logbook ya muuzaji. Ikiwa namba imesagwa, au muuzaji anaanza kusimulia hadithi ndefu kuhusu binamu aliyehama, acha kipuri hapo kilipo.

3. Tenganisha kinachotenganika, kisha mwaga vimiminika.

Tenganisha injini na giaboksi. Ondoa kabureta, stata na jenereta, kwa sababu ndivyo vitu vinavyogongwa kwanza wakati wa kupakia. Boliti za kila sehemu zitie katika mfuko wake na uandike jina juu yake. Piga picha kabla ya kufungua kila kitu, hata kile unachodhani huwezi kukisahau.

Mwaga oili katika beseni na uondoke nayo kwenye chombo kilichofungwa. Tangi la petroli lisibebwe likiwa na mafuta, hata kidogo, na likiwa tupu lizibwe kwa sababu mvuke uliobaki ndani unawaka. Ziba kwa vitambaa au plastiki matundu yote ya injini: ya kabureta, ya ekzosti na ya plagi. Mvua ya dakika kumi ikiingia katika silinda wazi huharibu injini iliyokaa ghalani miaka arobaini bila shida.

*Onyo:* bitana za breki za magari ya zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Usifungue ngoma za breki za ekseli ya kale ili kuchungulia ndani, na usipulize vumbi lake. Ibebe ekseli kama ilivyo.

4. Andaa sakafu.

Fagia mchanga na changarawe zote, kwani chuma juu ya changarawe huteleza. Tandaza mpira au magunia mazito pale kipuri kizito kitakapokaa.

5. Pakia, na uzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma.

Hii ndiyo nadharia pekee ya lazima. Pikapu yenye mita 2.4 kati ya ekseli, ikiwekewa injini ya kilo 200 sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, hupoteza kilo 50 katika magurudumu ya mbele. Injini hiyo hiyo ikisogezwa sentimita 60 mbele ya ekseli, magurudumu ya mbele huongezewa kilo 50. Hali ya kwanza hukupa usukani mwepesi usiotii na breki dhaifu. Ya pili hukupa gari linalokwenda sawa. Kwa hiyo kizito kabisa kikae mbele, karibu na kabini, na vyepesi vifuate nyuma.

Njia bora ya kuinua injini ni cheni bloku, yaani kile kifaa cha kuinulia kwa mnyororo unaovutwa kwa mkono, iliyotundikwa kwenye miguu mitatu ya chuma, kama ilivyo katika gereji nyingi za jua kali: injini inainuliwa, pikapu inarudishwa nyuma hadi iwe chini yake, kisha injini inateremshwa. Tawi la mti halina karatasi ya kueleza linabeba kilo ngapi, hivyo lisitumike.

Pasipokuwa na cheni bloku, tumia zile mbao mbili za mita 3 kama mteremko. Ekseli au chesi huviringishwa juu yake kwa mabomba, watu wawili wakivuta kwa kamba kutoka ndani ya pikapu na wawili wakisukuma kutoka kando. Hakuna anayesimama nyuma ya mzigo unaopanda. Vijana wa kupakia watakuwa na haraka, na mmoja wao atataka kuzuia kwa bega, lakini mwenye kazi ni wewe na sauti ya kusimamisha kazi ni yako.

Injini isikalishwe juu ya sampu yake, yaani lile beseni la oili lililo chini yake. Sampu ya bati hubonyea na ya alumini hupasuka. Ilaze ndani ya tairi kuukuu kubwa ili uzito ubebwe na kingo za bloku, au itengenezee kitanda cha mbao chenye miguu inayofika kwenye maegemeo ya injini.

6. Zuia.

Sasa ndipo penye kazi yenyewe, nami ningekushauri uipe nusu ya muda wako wote. Sukuma kipuri kizito hadi kiguse ukuta wa mbele wa sehemu ya mizigo, huku kipande cha mbao kikiwa kati yake na bati ili ukuta usibonyezwe. Kisha kata mbao za kujaza nafasi iliyobaki kulia na kushoto, kutoka kwenye kipuri hadi kwenye ukuta wa pikapu au tao la tairi. Nyuma yake weka ubao mwingine wa kukingama, ulioshikiliwa na mbao mbili zinazofika hadi mwisho wa sakafu. Mbao hizi zipigiliwe pamoja ziwe fremu moja, kwa sababu kipande kimoja kimoja kitaruka chenyewe barabarani.

Usiruke ule ubao wa nyuma. Anayetoka Naivasha kwa barabara ya chini ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa mwinuko mrefu, na muda huo wote mzigo wake unalalia mlango wa nyuma. Mlango huo haukuundwa kushikilia injini.

Ekseli ina tabia yake: inaviringika. Iweke ikikingama sakafu, difu (lile bonge la gia la katikati) ikiwa imekalia tairi, na kila ncha ipigiwe kabari mbili za mbao, mbele na nyuma.

7. Funga.

Kila mkanda wa racheti una kitambulisho chenye namba. Zikiwapo mbili, kubwa ni ile ya kukatikia na ndogo ni ile ya kufanyia kazi. Hesabu kwa ndogo. Mkanda usio na kitambulisho, au uliochanika ukingoni, ni wa turubai. Kiwango cha Ulaya cha ufungaji wa mizigo, EN 12195-1, hutaka mzigo uweze kuhimili msukumo wa mbele ulio sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kando na nyuma. Kwa injini ya kilo 200 hiyo ni kana kwamba kuna kilo 160 zinazoisukuma mbele unapokanyaga breki ghafla, na sehemu kubwa ya msukumo huo inapokelewa na mbao zako za hatua ya 6.

Pitisha mikanda miwili juu ya kipuri, ikivuka, na mingine miwili kutoka kwenye kipuri chenyewe hadi kulabu za mbele na za nyuma. Mkanda unaopita juu ukisimama karibu wima hukandamiza vizuri. Ukilala kwa digrii 30 tu kutoka sakafuni, nusu ya mvuto wake ndiyo inayokandamiza. Funga kwenye vitu vinene: bloku ya injini, maegemeo yake, mirija ya ekseli. Usifunge kwenye manifoldi, puli au mabomba ya breki. Kila mkanda unapopita juu ya kona, weka kipande cha mpira. Kulabu za pikapu nazo zikague, kwa maana nyingi zimeunganishwa kwenye bati lililooza.

Kijana wa kupakia atautikisa mzigo mara moja na kukuambia, "Mkubwa, hii haisongi." Usukume mzigo wewe mwenyewe kwa mguu, kutoka pande nne. Ikiwa pikapu yote inatikisika pamoja na mzigo, ndipo haisongi.

8. Panga vyepesi na vinavyovunjika.

Boneti, milango, fenda na paa hazina uzito wa kutisha, ila zina upepo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne, hivyo boneti iliyotulia kwa kilomita 40 kwa saa inaweza kuinuka kwa 80. Ifungwe kwa mbele na kwa nyuma, si kwa mkanda mmoja wa katikati. Paneli za Land Rover za miaka hiyo ni za alumini na hubonyezwa hata na kikazio cha mkanda, kwa hiyo zilale juu ya godoro na zikazwe kwa kiasi.

Kioo cha mbele kisilazwe. Kisimamishe wima kwenye ukingo wake, kikiegemea fremu ya mbao iliyofunikwa kwa godoro, mbali na chuma chochote. Kikiwa kidogo, mahali pake ni ndani ya kabini, nyuma ya kiti.

9. Weka alama na uhakikishe unaonekana.

Chesi inayotokeza nyuma ifungiwe kitambaa chekundu ncha yake ya mwisho, na usiku iwe taa nyekundu, ingawa safari ya usiku ni afadhali iahirishwe. Ukiacha mlango wa nyuma wazi, namba ya gari na taa za breki huenda zisionekane. Toa mlango wenyewe uuache nyumbani, au tundika namba mahali pa wazi. Mlango uliofunguliwa usibebeshwe uzito, kwa kuwa umeshikiliwa na nyaya mbili nyembamba. Wala mtu asikalie mzigo "kuushikilia."

10. Endesha, simama, kagua.

Ongeza upepo wa tairi za nyuma kufuatana na kibandiko cha mlangoni. Simama baada ya kilomita chache za mwanzo, kwa kuwa mzigo hukaa sawa na mikanda hulegea, kisha ukaze tena. Baadaye kagua kila saa, na kila unapotoka kwenye barabara mbovu. Fanya ukaguzi wa mwisho kabla ya kupanda Expressway, maana huko juu si mahali pa kusimama kukaza mikanda.

Kirinyaga Road na vichochoro vya Gikomba havipitiki asubuhi za katikati ya wiki ukiwa na chuma kinachotokeza nyuma. Jumapili ni bora.

11. Shusha mchana, taratibu.

Mkanda wa mwisho ufunguliwe na mtu aliyesimama kando, kwa sababu mzigo uliobanwa unaweza kuruka. Ekseli inaweza kuangushwa juu ya tairi mbili zilizopangwa; injini haiangushwi popote.

Matatizo ya njiani na tiba zake

*Usukani umekuwa mwepesi, au wanaokuja mbele wanakuwashia taa.* Nyuma ya gari imezama. Punguza mwendo, tafuta mahali pa usalama na usogeze vyepesi mbele au uvipunguze. Ikiwa kizito ndicho kilichorudi nyuma, kizuizi chako kimeshindwa, na kukaza mikanda peke yake hakutasaidia.

*Mikanda inalia na kutetemeka.* Isokote mzunguko mmoja kabla ya kuikaza tena, na sauti itakwisha.

*Mkanda mmoja unalegea kila mara.* Tazama unapopita. Aghlabu unabonyeza kitu laini kama godoro au tairi, au unakatwa na kona. Ubadilishe njia.

*Kuna mgongano wa chuma kwenye kila tuta.* Simama sasa, usingoje kituo cha mafuta. Mgongano ni nafasi iliyo wazi kati ya vitu viwili, na tiba yake ni kabari.

*Kuna harufu ya petroli.* Zima injini, hakikisha hakuna anayevuta sigara karibu, tafuta chombo kinachovuja na ukishushe. Usiendelee na safari ukitumaini upepo utaipeleka.

*Mvua imeanza.* Funika injini na matundu yake kwa turubai, ukilifunga kwa kamba zake lenyewe. Usilegeze mikanda ya mzigo ili kupitisha turubai chini yake.

*Askari amekusimamisha.* Zima gari, salimia, toa hati ya mauziano na picha za namba kabla hujaulizwa. Akisema mzigo haujafungwa vizuri, tazama anapoelekeza kidole kabla ya kubishana, kwa sababu ameona pikapu nyingi zaidi yako.